Leva ya gia: jina la gari halitoshi
Wengi hapa Malindi huamini kwamba leva ya gia (mkono wa kubadilishia gia) ya mtumba, mradi imetoka kwenye gari la jina lilelile, itaingia tu. Sivyo. Leva hufuata giaboksi, si bodi. Kwenye Toyota Hilux ya gia za mkono, leva huzama moja kwa moja ndani ya giaboksi. Kwenye Probox ya gia za mkono huvuta kebo 2, moja ya kuchagua mstari wa gia, nyingine ya kuitia.

Nenda kwenye yadi ya vipuri vya mtumba na leva yako ya zamani mkononi. Linganisha mashimo ya bolti, urefu wa leva yenyewe na rivasi iko upande gani. Ikiwa ni ya kebo, chukua leva na kebo zake pamoja, kwa sababu urefu ukitofautiana hata kidogo gia inaweza kuingia nusu, kisha ichomoke gari likiwa barabarani. Chumvi ya Pwani hula kebo ndani ya ganda bila kuonekana nje. Ivute na kuisukuma, ikikwama iache. Bushi za plastiki, yaani vipete vidogo kwenye viungo vya leva, nunua mpya.

Tena kagua hizo bushi kwanza, kabla hujanunua leva: leva inayolegea mara nyingi haina kosa, bushi ndizo zimekwisha.