Mbizi ya mzuka: maana yake kwa marubani wa Meteor

Mbizi ya mzuka ni jina la ajali iliyoiandama jeti ya Uingereza, Gloster Meteor, miaka ya mwanzo baada ya Vita Kuu ya Pili. Iliyoumia zaidi ni T.7, ndege ya mafunzo iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1948: viti viwili, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma.

Ndege inakaribia kutua, ghafla bawa moja linalala, pua inainama, inashuka kama jiwe. Ndiyo maana wakaita mzuka.

Sababu yenyewe lakini inaelezeka. Rubani anayerudi uwanjani hupunguza mwendo kwa breki za hewa, yaani mabamba yanayochomoza juu na chini ya bawa ili yakinge upepo. Kisha hushusha magurudumu. Kwenye Meteor magurudumu hayakushuka sawia. Moja lilitangulia, na hapo ndege ikavutwa upande mmoja. Kwa kawaida mkia huirudisha sawa. Ila breki zikiwa bado wazi, hewa inayoufikia mkia imekwisha kuvurugwa, na mkia unakosa nguvu. Mwendo ukiwa umeshuka chini ya noti 170 hivi (kama kilomita 315 kwa saa), hatari ni kubwa.

Juu sana angani, rubani angefunga breki na kuinyoosha ndege. Mzunguko wa kutua hufanyika kama mita 300 tu kutoka ardhini, na kimo hicho hakitoshi. Tena T.7 haikuwa na viti vya kuwarusha marubani nje. Jambo hili linaniuma kila ninapolisoma: mwalimu na kijana wake walikwenda pamoja.

Mbizi hii haikuwa chanzo pekee. Wengi walikufa wakifanya zoezi la kuruka kwa injini moja, nyingine ikiwa imezimwa makusudi. Kwa jumla Jeshi la Anga la Uingereza lilipoteza Meteor takriban 890 na marubani wapatao 450. Mwaka 1953 peke yake zilianguka 145.

Kinga yake ilikuwa mpangilio wa mikono tu: funga breki za hewa kwanza, ndipo ushushe magurudumu. Hata hivyo mwaka 1988, kwenye maonyesho ya ndege huko Coventry, T.7 iliyotunzwa kama kumbukumbu ilianguka ikiwa na breki wazi na mwendo mdogo, rubani wake akafa.