Je, Wajua? Sukari ya ORS Haikuwekwa kwa Ajili ya Utamu

Kwa miaka mingi niliamini sukari iliyomo kwenye ORS, yale maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha, ni ya kumbembeleza, ili asiisikie chumvi. Ningeionja tu ningejua nimekosea: maji yale yana ladha ya machozi. Kama sukari ilitumwa kuificha chumvi, kazi imeishinda.

Kosa hilo lina madhara. Anayedhani sukari ni ya utamu haoni ubaya wa kuongeza kijiko kingine, au kumpa mtoto soda badala yake. Lakini sukari ikizidi utumboni huyavuta maji kutoka mwilini, na kuhara huongezeka. Hata wataalamu waliipunguza: fomula ya zamani ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa na gramu 20 za glukosi, ndiyo sukari yake, kwa lita, ya sasa ina 13.5.

Basi inafanya nini humo? Kuhara kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, hasa vya rota, ambavyo antibiotiki haziviwezi. Virusi hivyo huharibu seli za utumbo mwembamba zinazofyonza chakula na maji, ila haviharibu zote.

Kwenye seli zilizosalia kuna kitu kama geti lenye mlinzi mkaidi. Hupitisha msafara wa aina moja tu: chembe mbili za sodiamu, inayotoka kwenye chumvi, pamoja na moja ya glukosi. Sodiamu ikija peke yake inarudishwa. Glukosi ikija peke yake, vilevile. Zikifika pamoja, geti linafunguka, na maji yanafuata nyuma. Yanafuataje hasa, kwa geti hilohilo au kwa kupenya pembeni, wanasayansi bado wanabishana. Msafara wenyewe ulielezwa na mwanasayansi Robert Crane mjini Prague mwaka 1960, na ajabu yake ni kwamba geti hili huendelea kufanya kazi mtoto akiwa katikati ya kuhara.

Tahadhari moja: sifa kubwa za mwanzo za ORS zilitoka kwa wagonjwa wa kipindupindu, ugonjwa unaoletwa na bakteria na usioharibu seli hizo. Kwa rota mageti hupungua. Hata hivyo, kwa watoto wengi yaliyobaki yanatosha.

Na ORS haizuii kuhara. Virusi humaliza siku zao. Yenyewe inarudisha maji yanayopotea, huku mtoto akiendelea kunyonya na kula. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika mbili au tatu. Inachosha mkono, lakini tumbo lililochafuka hustahimili kijiko kuliko kikombe. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakididimia au choo kikiwa na damu, weka kijiko chini umpeleke hospitali.