Mbona akishika simu anatulia?

Likizo ya Juni ikikaribia simu yangu haipumziki, wazazi wanaulizia programu yetu ya likizo ya watoto wenye shida za umakini na kusoma, na mzazi hata hajauliza ada ni shilingi ngapi ananianzia hivi: "Madam, huyu hana shida yoyote ya umakini, mbona ukimpa simu anakaa masaa matatu hata njaa haisikii? Huyu ni ukaidi tu, mnyoosheni." Naisikia kwa watumishi waliohamia Dodoma na wizara zao, naisikia kwa wenyeji wa Chamwino, juzi nimeisikia kwa mwalimu mwenzangu mwenye shahada na ndio nimechoka kabisa, kwaiyo naandika hapa na mtu akiniuliza tena namtumia linki.

Kutulia kwenye simu hakuthibitishi kwamba mtoto hana ADHD, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutawala umakini na utulivu wake. Umakini anao, tena mwingi tu. Kinachomshinda ni kuuendesha: kuupeleka kwenye kitu kisichomvutia, kuubakiza pale, na kuutoa kwenye kitu kinachomvutia. Gemu ukiigusa inajibu sekunde hiyo hiyo, inatoa mlio, inakupa nyota, ukikosea unaanza upya na hakuna anayekufokea. Daftari la hesabu linajibu kesho kutwa likirudi limejaa wino mwekundu, na kwa mtoto huyu kesho kutwa ni mbali mno, ni kama haipo. Na yule unayemwita chakula mara tano hatoki kwenye katuni, hiyo nayo ni sehemu ya shida ile ile, sio ushahidi wa kuipinga.

Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Wamarekani wa kutambua matatizo ya akili, havisemi popote kwamba mtoto lazima ashindwe kutulia kila mahali. Vinataka dalili 6 au zaidi kati ya 9 za kundi moja (la kukosa umakini, au la kutotulia na kukurupuka), zidumu angalau miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane sehemu mbili au zaidi, na ziwe kweli zinamvurugia maisha. Mwanasaikolojia Mmarekani Russell Barkley amelisema hili miaka na miaka, kwamba shida ya ADHD sio kutojua la kufanya, ni kushindwa kulifanya unalolijua pale pale linapohitajika. Mi naona hapo ndipo wazazi wengi wanapotupotea, kwa sababu nyumbani dawa ya kila kosa ni kumkalisha mtoto chini na kumweleza. Anajua tayari! Muulize tu, atakujibu vizuri kuliko wewe.

Sasa ukishaelewa hapo ndio utaelewa kwa nini ukipita kwenye programu yetu ya likizo unaona watoto wanacheza na unadhani umetupa hela. Mfano tunaoufuata ulianzishwa na mwanasaikolojia William Pelham mwaka 1980 pale Florida State University, Marekani, likizo yao ya kiangazi ni ndefu kwaiyo wao wanakwenda wiki 8, siku nzima Jumatatu mpaka Ijumaa, darasani masaa machache tu na muda mwingine wote ni mpira, kuogelea, kazi za mikono, huku mtoto anapata na kupoteza pointi kila tukio, ana malengo yake ya siku kwenye kadi, na wazazi wana mafunzo yao kila wiki. Sisi likizo yetu ni kama mwezi, hatuna bwawa, tuna madarasa ya kukodi na uwanja wenye vumbi na ule upepo wa Juni unaoujua, kwaiyo tunakata na kushona. Lakini kiini ni kile kile: mtu mzima yupo pale tukio linapotokea, na jibu linatoka hapo hapo.

Chukua rede. Wawili wanarusha mpira huku na huku, wa katikati anakwepa na huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira umemgusa bega, kila mtu ameona, na yeye anapiga kelele "haijanigusa!", anashika chupa hataki kuiachia, wenzake wanaanza "we kila siku", "msicheze nae", na kwa utaratibu wa kawaida hapa mchezo unavunjika, mmoja analia, mwalimu anakuja na fimbo bila kujua nani alianza nini. Kwetu msimamizi yuko hatua tatu kutoka pale. Kabla rede haijaanza ameshawauliza wote sheria ni ipi ukiguswa, wamejibu, na yeye amejibu. Mtoto akibisha anaambiwa kwa sauti ya kawaida, "umebisha, pointi 10 zimetoka," basi, hakuna hotuba, hakuna "kwani nyumbani kwenu". Na raundi inayofuata akiguswa, akasimama sekunde mbili uso umekunjamana, kisha akaweka chupa chini na kutoka, msimamizi anamwambia muda huo huo, "umeguswa, umetoka bila kubisha, pointi 10 zimeingia." Zile sekunde mbili ndizo tunazozifanyia kazi mwezi mzima. Mzazi anayepita getini anaona rede tu.

(Mtoto mwenye usonji ni habari nyingine. Yeye saa ingine ile sheria isiyosemwa kweli haijui, anahitaji kuambiwa waziwazi na kuonyeshwa kwa picha, na zile kelele za uwanjani zinaweza kumuumiza. Tusiwachanganye wote kapu moja kwa sababu wote wameitwa "wasumbufu".)

Halafu nasikia "mnawahonga kwa pointi." Wewe unafanya kazi siku thelathini unasubiri mshahara, una uwezo huo wa kusubiri, yeye bado hana, kwaiyo tunamletea malipo karibu halafu tunayasogeza mbali kidogo kidogo. Hapa lakini kuna kitu kinaninyima usingizi na sikifichi: mwezi hautoshi kuyasogeza mpaka mwisho. Julai anarudi darasani kwenye watoto themanini na mwalimu mmoja, na pointi zinakatika ghafla.

Kuhusu kunyoosha. Hatupigi. Kwa shuleni zipo kanuni za mwaka 2002, kiboko ni cha mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na kila mtu anajua zinavyofuatwa. Fimbo inamwambia mtoto alichokosea, tena kwa kuchelewa, haimfundishi afanye nini badala yake, na huyu wa kwangu mimi ameshapigwa sana kabla hajanifikia, ingekuwa inafanya kazi asingekuja.

Tukija kwenye twisheni, hapa nitakaa kidogo maana ndio inayoniudhi zaidi. Mtoto yuko darasa la nne, mitihani inakuja, hasomi vizuri, basi likizo nzima anapelekwa twisheni, tena serikali yenyewe imeshakataza masomo ya likizo lakini tunajifichaficha. Kama ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao hautokani na uvivu wala kukosa akili, unamzidishia masaa ya kitu kile kile kilichomshinda, kwa njia ile ile. Na kuna jambo ambalo hata walimu wazuri linawapita. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, silabi zetu ziko wazi, kwaiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma kila neno kwa usahihi kabisa. Shida yake inajificha kwenye kasi. Anavuta silabi moja moja, "a-li-po-fi-ka", kidole kimebana karatasi, jasho linamtoka puani, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshapotea, ukimuuliza habari inahusu nini anakutazama tu. Mwalimu anaandika "anajua kusoma ila mvivu." Sio mvivu, amefanya kazi mara nne ya jirani yake! Ndio maana sisi hatumpimi kwa kuhesabu makosa peke yake, tunampa aya fupi na tunatazama saa pia. Halafu mtoto huyo huyo anahamishiwa ingilishi midiamu, kwenye lugha ambayo herufi moja ina sauti tatu, na aliyekuwa anajikongoja sasa anaanguka kabisa, na nyumbani wanasema shule mpya imemharibu. Huyu anachohitaji ni sauti na herufi hatua kwa hatua, kurudia kifupi kila siku, na kusomewa kwa sauti ili maarifa yasimpite wakati kusoma kwake kunakomaa. Nusu saa ya hivyo inamtosha. Masaa manne ya kunakili ubaoni hayamsaidii.

Na hata akitulia, usidhani amejifunza. Mwaka 2022 timu ya Pelham ilitoa utafiti wa watoto 173 wa miaka 7 mpaka 12 waliokuwa kwenye programu ya kiangazi. Walipotumia methylphenidate, dawa ya ADHD, walipunguza kuvunja sheria darasani na kumaliza kazi nyingi zaidi, lakini yale waliyofundishwa hawakuyajua zaidi kuliko walipokuwa hawatumii. Sio kwamba dawa ni mbaya, kuna watoto zinawaokoa. Hayo ni mazungumzo na daktari, na najua ukitaja Mirembe hapa Dodoma watu wanashtuka, ila ni hospitali ya afya ya akili, unaingia, unaongea na daktari, unarudi nyumbani na mwanao.

Sasa mashaka yangu mengine. Kuna utafiti mkubwa unaoitwa MTA, uliolinganisha matibabu ya ADHD kwa watoto 579, matokeo ya kwanza yalitoka 1999, na programu ya kiangazi ilikuwa sehemu yake. Baada ya miezi 14 tofauti kati ya makundi ya matibabu zilionekana vizuri, ilipofika miaka mitatu zilikuwa zimefutika. Kwaiyo anayekuahidi mwezi mmoja wa kumbadilisha mtoto moja kwa moja, mkimbie. Urafiki nao unanisumbua: sisi watu wazima tunaona amebadilika, amejifunza kusubiri zamu, lakini wenzake mtaani wameshamweka kwenye fungu lake na hawamtoi haraka. Tunachojaribu ni kumtafutia rafiki mmoja, mmoja tu, na kuwaomba wazazi wa pande zote wawakutanishe Ilazo au Kisasa au popote baada ya likizo. Wengine wanafanya, wengi hawafanyi.

Na kubwa kuliko yote, saa ingine nakaa na mtoto sijui kama ninachokiona ni ADHD kweli au ni masikio yenye usaha, usingizi wa saa sita usiku, kuondoka nyumbani bila uji, au msiba ambao hakuna aliyemweleza. Fomu ninazojaza zilitengenezwa kwa watoto wa kwingine, waliokaa madarasa ya watoto ishirini na tano. Mtoto anayechokonoa wenzake kwenye darasa la themanini, shida ni yake au ya darasa? Naandika "inawezekana" mara nyingi kuliko wazazi wanavyopenda.

Kwaiyo kama unamleta Juni hii, fanya haya kwanza. Mpeleke akapimwe masikio na macho. Ongea na mwalimu wake wa darasa kabla shule haijafungwa, maana kadi yake ya malengo matatu itamfuata Julai na mwalimu ndiye atakayeweka tiki kila siku, asipokubali tunapoteza muda wote sisi. Jumamosi ni kikao cha wazazi, mama na baba, na kama bibi ndiye anayeshinda nae basi bibi aje, sitaki mtu atumwe kusikiliza kwa niaba. Na lete madaftari yake ya Kiswahili na hesabu, yale yenyewe, yaliyochanika na kufutwafutwa mpaka karatasi ikatoboka, sio lile jipya alilonakilishwa usiku ili nisimwone vibaya.