Acheni kuziba kamera kwa silikoni pande zote

Mvua zikianza tu, simu nazo zinaanza. "Fundi, kamera yangu ya siri asubuhi haioni, kioo kina ukungu. Na niliziba kabisa!" Ndiyo bosi, haioni kwa sababu uliziba kabisa. Nimelijibu hili hapa Kigoma kote: Mwanga, Gungu, Ujiji mpaka Kibirizi. Leo naliandika, nikiulizwa tena natuma linki.

Nazungumzia kamera iliyofichwa ndani ya kitu kingine: boksi jeupe la kuunganishia nyaya chini ya paa, ganda la taa ya ukutani, hata chungu cha maua. Watu wanapambana na tone la mvua linaloanguka. Hilo ni adui mwepesi, upenu mzuri wa bati unalimaliza. Kinachoua kamera ni hewa ya ndani ya boksi.

Mchana boksi linapigwa na jua, ndani linafika nyuzijoto 50. Mvua inashuka ghafla, linapoa hadi 25. Hewa iliyomo inasinyaa, na kama kweli umeziba, shinikizo la ndani linashuka kwa karibu asilimia 8. Kwa mwinuko wetu huu wa kando ya Ziwa Tanganyika, mvuto huo unaweza kupandisha maji kwenye mrija karibu sentimita 70. Sasa niambie silikoni uliyoipaka kwa kidole, ukiwa juu ya ngazi, kwenye plastiki yenye vumbi, itahimili mchezo huo kuanzia Novemba hadi Aprili. Itaachia mahali. Uwazi mwembamba kama unywele unatosha: maji yanayotiririka nje yanafyonzwa ndani, halafu hayana pa kutokea. Jua likiwaka yanakuwa mvuke, usiku ukipoa mvuke unatua kwenye kioo. Na hata boksi likigoma kuvuja, hewa uliyoifungia siku yenye unyevu ilikuwa na maji yake tayari.

Kwa hiyo toboa. Tundu moja la milimita 4 au 5, chini kabisa, pale ambapo maji yakijikusanya yatafika kwanza. Ziba juu, ziba ubavuni, chini acha lipumue. Kwa ndani bandika kipande cha wavu mwembamba, maana sisimizi wanapenda sana joto la kamera.

Hapo ndipo mteja ananitolea macho: "Fundi, boksi limeandikwa IP67, wewe unalitoboa?" Ndugu yangu, ile 6 ni ya vumbi. Ile 7 inasema limezamishwa kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30 bila maji kuleta madhara ndani. Haikuahidi chochote kuhusu mvuke, wala kuhusu jua na mvua kupokezana mwaka mzima. Ni kweli, ukishatoboa, namba hiyo huna tena. Nakubali hasara hiyo. Ila tuelewane: natoboa ganda la kufichia. Kamera yenyewe, kama ni ya nje tangu kiwandani, usiiguse na drili!

Na siyo kwamba tundu halina ubaya. Nyumba ikiwa kando ya barabara ya vumbi, kiangazi tundu hilohilo linaingiza vumbi, na hapo huwa nasitasita. Vipo vizibo vyenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Ukivipata, weka hicho, ugomvi uishe. Vile vipaketi vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya? Ndani ya boksi linalopumua vinashiba upesi. Naviweka kwa sababu mteja akiviona anafurahi.

Mengine harakaharaka. Kebo iingie kwa chini, na kabla ya kuingia ining'inie kitanzi ili maji yadondokee hapo. Plagi zote zikae ndani. Ikibidi zibaki nje, zifunge kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kwa sababu tepu ya umeme peke yake jua litaibandua. Silikoni inayonuka kama siki inatoa asidi inayokula shaba, ulizia isiyo na asidi. Ukiweka kioo mbele ya kamera, usiku taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, zinaakisiwa na unaona weupe mtupu: zizime utegemee taa ya uani, au zungushia lenzi sponji nyeusi igusane na kioo. Na lenzi ielekee geti lako. Uani kwa jirani hapakuhusu, na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kabla ya kufunga, fanya jaribio. Weka tishu ndani ya boksi badala ya kamera, lianike juani mpaka saa nane, likiwa la moto limwagie ndoo nzima ya maji baridi. Subiri lipoe, fungua. Tishu ikiwa imelowa, usinipigie kuniambia silikoni ilikuwa ya bei ghali.