Programu ya kusimamia wateja kwa mpanga safari anayejitegemea

Programu ya kusimamia wateja ni mahali pamoja panapotunzwa kila kitu kinachomhusu mteja: jina na namba yake, alichouliza, ulichomjibu, bei uliyompa, alicholipa, na jambo linalofuata kati yako na yeye. Watu wa utalii Arusha na Moshi huiita kwa herufi tatu tu za jina lake la Kiingereza, CRM. Katika hayo yote, uzito uko kwenye lile la mwisho. Majina na namba hata simu inayatunza. Kinachopotea ni ahadi: bei uliyosema utaituma Jumatatu, swali la kambini ulilosema utalifuatilia, salio ulilosema utalikumbusha.

Mpanga safari anayejitegemea mara nyingi hana magari wala kambi. Kazi yake ni kuwaunganisha wenye vitu hivyo na mgeni, kwa tarehe zinazolingana na bei isiyogongana. Kwenye kampuni kubwa kuna mtu wa mauzo, mtu wa kushika nafasi za vyumba na mhasibu, na wanakumbushana. Anayefanya kazi peke yake ndiye wote hao, na hakuna wa kumgonga bega.

Chukua familia ya watu wanne kutoka Chicago. Mwezi Januari wanaandika kupitia Instagram: wanataka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara mwezi Agosti, kisha wapumzike Zanzibar. Kuanzia ujumbe huo hadi ndege yao kutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni miezi saba. Mazungumzo yatahama kutoka Instagram kwenda barua pepe, kisha WhatsApp. Leo anajibu mama, kesho baba, na hawajaambiana. Chicago iko nyuma yetu kwa saa 9 wakati wa baridi yao na saa 8 wakati wa kiangazi, kwa hiyo majibu mengi yanaingia ukiwa umelala. Wiki hiyohiyo kuna wengine wanaulizia Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, na mwingine anataka Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi Februari nyumbu wanapozaa. Hapo kichwa hakitoshi, hata kiwe kizuri namna gani.

Ndani ya programu unafungua rekodi moja kwa safari nzima ya familia hiyo, kisha unawaunganisha wote wanne kwenye rekodi hiyo. Unaandika uraia wao, kwa sababu viza ya Tanzania kwa Mmarekani ni dola 100 na mataifa mengine mengi hulipa dola 50. Unaandika kwamba mtoto mdogo ana mzio wa karanga, maana habari hiyo lazima ifike kwa mpishi wa kila kambi. Wakisema watapitia Kenya kwa siku mbili kwanza, unaandika pia, kwani anayetoka huko anaweza kudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano akiingia Tanzania.

Halafu kuna hatua. Programu nyingi huonyesha wateja wako katika safu, na kila safu ni hatua: ameuliza, ametumiwa pendekezo, amekubali, amelipa malipo ya awali, amemaliza kulipa, yuko safarini, amerudi. Unamsogeza mteja kutoka safu moja kwenda nyingine. Kwa mtazamo wangu, hiki ndicho kiini cha dhana nzima, na wanaoanza wengi hukipita haraka ili wakashughulike na rangi na nembo. Ukitazama safu hizo asubuhi unajua papo hapo nani amekaa kwenye "ametumiwa pendekezo" wiki tatu bila neno. Mtu huyo hajakataa. Pengine anasubiri umuulize.

Jiwekee sharti moja: mteja yeyote aliye hai, yaani ambaye shughuli yenu haijaisha, asikae kwenye safu bila kazi inayofuata na tarehe yake. Programu itakukumbusha siku ikifika, lakini haiwezi kukumbusha usichokiandika.

Tarehe hizo hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kufika. Kambi nyingi hutaka salio lote kati ya siku 30 na 60 kabla ya mgeni kuingia, kwa hiyo ukumbusho kwa mteja uwe mapema zaidi ya hapo. Ujumbe kuhusu bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44 kwa mtu mzima, utoke kabla hawajafunga mizigo. Pamoja nao utoke ule wa mabegi: ndege ndogo za kutoka Serengeti huruhusu kwa kawaida kilo 15 kwa mtu, katika begi laini lisilo na fremu ngumu. Ukiuandika ujumbe huo vizuri mara moja, unauhifadhi kama kiolezo na kuutuma kwa kila familia itakayofuata.

Watu huchanganya programu hizi na zile za kutengeneza ratiba. Programu iitwayo Wetu, kwa mfano, kazi yake kubwa ni ratiba ya kupendeza yenye picha na ramani. HubSpot na Zoho ni za kusimamia wateja wa biashara yoyote, na zina matoleo ya bure ya kuanzia. Travefy inajaribu kuyashika yote mawili. Kama wateja wako hai hawazidi kumi, jedwali la Excel lenye safu za hatua na tarehe linatosha kabisa, na ningekushauri uanze nalo ujue hatua zako mwenyewe kabla ya kulipia kitu.

Suala la usiri nalo ni zito. Utakuwa unashika nakala za pasipoti na habari za afya za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinamhusu hata mtu mmoja anayefanyia kazi sebuleni. Pasipoti zisibaki zimetapakaa kwenye WhatsApp. Ziweke kwenye rekodi iliyofungwa kwa nywila na uthibitisho wa hatua mbili, na uzifute safari ikiisha na hesabu zikifungwa.

Kabla ya kulipia programu yoyote, ijaribu kwa wateja wawili watatu, kisha bonyeza sehemu ya kutoa data yote kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalofunguka hata kwenye Excel. Lifungue kwenye kompyuta yako. Ukiona majina tu, bila mazungumzo wala tarehe, tafuta nyingine.