Mahitaji ya Mfumo Yajulikane Kabla ya Zabuni

Mifumo mingi ya serikali inayowachosha wananchi haikuharibikia mikononi mwa waandishi wa programu. Iliharibika mapema, pale taasisi ilipotangaza zabuni bila kujua kwa undani kazi inayotaka mfumo uifanye. Mkandarasi hujenga alichoagizwa. Agizo likiwa na mapengo, mapengo hayo humfikia mwananchi.

Uchambuzi wa mahitaji ni kazi ya kuuliza, kushuhudia, kuandika na kuhakiki: nani atautumia mfumo, anataka kukamilisha jambo gani, sheria inasemaje, na tutajuaje kuwa jambo hilo limekamilika. Kikao kimoja cha wakurugenzi hakitoshi. Mkurugenzi anajua utaratibu ulivyo kwenye mwongozo, lakini afisa wa dirishani ndiye anayejua unavyokwenda kweli: ombi lisilo na kiambatisho, jina lililoandikwa tofauti katika nyaraka mbili, mjane anayefuatilia mafao kwa niaba ya watoto wadogo. Mambo kama haya ndiyo yanayorefusha foleni. Ndiyo maana nashauri mchambuzi aketi na afisa huyo akimwangalia anavyofanya kazi, kwa kuwa aliyeizoea kazi husahau kutaja mengi anayoyafanya kila siku.

Kuandika mahitaji nako hakutoshi yasipolindwa. Mwaka 2016 serikali ya Kanada ilizindua Phoenix, mfumo wa kulipa mishahara ya watumishi wake. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa kazi zaidi ya 100 ambazo mfumo ulipaswa kuzifanya, kati ya 984 zilizohesabiwa kuwa muhimu, ziliondolewa au kuahirishwa ili mradi usivuke bajeti na ratiba. Mojawapo ilikuwa kushughulikia malimbikizo ya mishahara. Jaribio la awali nalo lilifutwa. Maelfu ya watumishi wakalipwa pungufu, wengine wakazidishiwa, na wapo waliokaa bila mshahara. Orodha ilikuwepo! Kwa hiyo kila hitaji libebe chanzo chake, iwe kifungu cha sheria au kundi la watumiaji, pamoja na jina la idara inayolisimamia, ili anayetaka kulifuta aone kwanza nani ataumia.

Kuna pia tatizo la lugha. “Mfumo uwe wa haraka na rahisi kutumia” ni sentensi inayopendeza, ila haipimiki, na siku ya makabidhiano kila upande utaisoma unavyotaka. Afadhali kuandika kwamba ukurasa ufunguke ndani ya sekunde 3 watu 5,000 wakiwa ndani kwa wakati mmoja, au kwamba mtandao ukikatika mwombaji aendelee pale alipoishia. Asiyeona anayetumia programu ya kusomea skrini, na asiye na simu janja, nao waandikiwe mahitaji yao. Mara nyingi hawaalikwi kwenye vikao.

Wakati mwingine kikwazo kiko kwenye sheria yenyewe. Kanuni ikidai saini ya wino, fomu ya mtandaoni itaishia kuchapishwa na kubebwa mkononi, hata programu iwe nzuri kiasi gani. Denmark ilianza mwaka 2018 kupima miswada ili kuona kama utekelezaji wake utawezekana kidijitali, na naona huo ni mfano wa kufuatwa.

Taasisi inapokualika kutoa maoni kuhusu mfumo mpya, usihangaike kubuni skrini. Eleza huduma uliyoifuata, hatua uliyokwamia, nyaraka ulizodaiwa mara mbili na kilichokulazimu kurudi ofisini. Kutokana na maelezo hayo mchambuzi ataandika hitaji lenye namba na kipimo, na mkandarasi atadaiwa kulitimiza kabla ya malipo ya mwisho.