Kivu haimo kwenye tufe la mzee

Kwa mzee mmoja wa Nguba, hapa Bukavu, kuna tufe la dunia la zamani lenye kipenyo cha sentimita 7 na nusu, linaenea kiganjani. Kila mgeni hulitolea hukumu.

"Limechongwa kwa mti." Hapana, ni jepesi mno. Lilipopasuka karibu na ncha ya kusini unaona karatasi, tabaka juu ya tabaka. Mafundi wa Ulaya walibandika karatasi kwenye kalibu ya mviringo, zikikauka wakapasua ganda katikati, wakalivua, kisha wakaunganisha nusu mbili juu ya kijiti kinachotoka ncha hadi ncha. Wakapaka plasta, wakalizungusha ndani ya bamba lililokatwa nusu duara ili kinachozidi kikwanguliwe.

"Ramani imechorwa kwa mkono juu ya mpira." Ilichapwa kwanza kwenye karatasi bapa, kwa bamba la shaba lililochongwa majina kinyumenyume, katika karne ya 19 wengi wakahamia kwenye kuchapa kwa jiwe. Karatasi hiyo ilikatwa vipande, mara nyingi 12, vilivyochongoka juu na chini kama vya chungwa. Ugumu ulikuwa hapo: karatasi ikilowa gundi hutanuka, na fundi lazima aivute mpaka ikutane na jirani yake bila kuchanika. Kwenye tufe la mzee vipande viwili vimekataana, ikweta inaruka kidogo kama ngazi iliyovunjika. Mkono uliingia kwenye rangi na vanishi.

"Ziwa Kivu halimo, basi ni la kabla ya Wazungu kuliona." Hoja hii inapendwa sana, maana ziwa lenyewe liko hapo dirishani. Ni kweli Mjerumani von Götzen alifika Kivu mwaka 1894. Lakini piga hesabu: kwa kipenyo hicho sentimita moja ni karibu kilomita 1,700, na Kivu ina urefu wa kilomita 90 hivi. Hiyo ni nusu milimita! Fundi angeiacha hata angeijua.

Tafuta vinavyoonekana. Ziwa Tanganyika, milimita 4, limo. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walilifikia mwaka 1858. Mto Kongo, ambao mvumbuzi Stanley aliufuata hadi Boma mwaka 1877, umechorwa kipande kifupi tu kutoka baharini. Ramani hiyo basi iko kati ya miaka hiyo miwili. Tufe lenyewe huenda ni changa zaidi, kwani bamba la kuchapia lilitumika hadi lichakae.